Lugha ya Sehemu na Lugha ya Matengenezo: Kutoka Gereji za Makambako hadi Kivinjari cha Njombe

Mwezi Julai ni mwezi wa baridi kali mjini Njombe. Mji umekaa karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi ukungu hushuka hata ukagusa mabati ya nyumba. Katika mwezi huo, siku chache baada ya Siku ya Kiswahili Duniani, ambayo UNESCO iliitangaza mwaka 2021 kuwa iadhimishwe kila tarehe 7 Julai, nilikuwa katika ofisi moja ya umma mjini humo kwa kazi ya kukusanya maneno ya wakulima wa chai, viazi na miwati. Kazi hiyo haikumalizika siku niliyokusudia. Niliporudi kutoka shambani saa nane mchana niliwakuta watumishi watatu wameizunguka kompyuta moja, na karani, mama wa makamo, ameshika simu sikioni huku akihesabu mistari kwenye skrini kwa kalamu: wa kwanza, wa pili, wa tatu.

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Mama yule alikuwa amesikia redioni wito wa kuitumia lugha ya taifa katika vyombo vyote vya kazi. Akaitikia. Akakibadilisha kivinjari chake kutoka Kiingereza na kukiweka katika Kiswahili, jambo jema ambalo sisi wa istilahi ndio tunaoliomba kila mwaka. Kwa mara ya kwanza akaweza kuisoma mipangilio ya kivinjari tangu juu hadi chini na kuielewa. Katika kusoma akakutana na sentensi iliyomuuliza kama anaruhusu vidakuzi. Akalipima neno kwa mizani ya lugha anayoijua: mdaku ni mtu wa kupeleleza na kutangaza mambo ya wenzake, magazeti ya udaku tunayajua, basi vidakuzi ni nini kama si wadaku wadogo? Akavizuia vyote, akafunga ofisi, akaenda nyumbani na moyo mweupe.

Kesho yake mfumo wa kazi ukamkataa. Aliandika jina na neno la siri, mfumo ukayapokea bila kulalamika, kisha ukamrudisha pale pale kwenye ukurasa wa kuingilia, kana kwamba hajaandika kitu. Akarudia mara nyingi, na mambo yakawa yale yale. Mezani yalikuwapo madai ya walimu 31 yaliyotakiwa kuingizwa kabla ya saa kumi jioni, na baadhi ya walimu hao walikuwa wamekaa nje kwenye benchi, wamejifunika mablanketi. Ndipo alipompigia fundi aliyeko Makambako, kiasi cha kilomita 60 kutoka hapo, na baada ya kamwene na habari za nyumbani mazungumzo yakawa kama ifuatavyo, kwa jinsi nilivyosimuliwa:

"Mama, bonyeza vidoti vitatu pale juu, uingie setingi."

"Setingi haipo, fundi. Ipo Mipangilio."

"Sawa. Tafuta praivasi."

"Hakuna. Naona Faragha na usalama."

"Ingia hapo hapo. Sasa ruhusu kuki."

"Kuki hamna humu, mwanangu. Nimetafuta mpaka macho yanauma."

Vidakuzi alikuwa akiviona, lakini hakuvitaja, kwani hao ni wezi aliowafungia mlango yeye mwenyewe jana. Fundi naye alikijua kivinjari kile kwa Kiingereza tu. Hivyo wakaanza kuongozana kwa kuhesabu mistari, na hesabu ya mmoja haikulingana na ya mwenzake, kwa maana matoleo ya kivinjari yalitofautiana. Nilipowaambia kwamba kuki ndizo vidakuzi, jambo likaisha kwa muda wa dakika mbili, na madai yote yakaingia kabla ya saa kumi. Lakini mama yule aliniuliza swali moja, si kwa ukali: "Nani aliyeviita hivyo?"

Sikuwa na jibu fupi. Makala haya ni jibu refu, na yanawahusu wafasiri, walimu na watumishi wanaoyatumia maneno hayo kila siku bila ya kuambiwa yalikotoka.

Yafaa tuanze na gereji, kwa sababu Makambako ni mji wa gereji kabla ya kuwa mji wa kompyuta. Hapo ndipo barabara ya Songea inapoachana na barabara kuu iendayo Mbeya na Zambia. Baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru wao mwaka 1965 na njia ya kusini ya Zambia kuingia mashakani, barabara hiyo kuu ilibeba mafuta na shaba kwa maelfu ya malori. Kisha ikaja reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 kwa msaada wa China, yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, na Makambako ikapata stesheni yake. Mahali ambapo malori husimama ndipo malori huharibika, na yanapoharibika hapana budi watu wazungumze.

Walizungumza vipi? Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya nchi za Afrika Mashariki, iliyoanza kazi mwaka 1930, haikuwa na haja ya kukaa kikao juu ya klachi. Mafundi waliyachukua majina ya sehemu kama walivyoyasikia, wakayapa irabu na kuyatuma kazini: injini, gia, klachi, breki, betri, plagi, spana, jeki, kabureta. Tukiishia hapo tutadhani lugha ya gereji ni ya kuazima tupu. Lakini hebu tumsikilize dereva anapoeleza gari lina nini. Gari limegoma. Linakoroma. Linachemsha. Linavuta upande. Linakula oili. Breki zimeshika. Gia inaruka. Fundi naye hujibu kwa kulegeza, kukaza, kupuliza, kumwaga, kuzibua, kusugua. Majina ni ya kigeni, ilhali vitenzi vya ugonjwa na vya tiba ni vya Kiswahili safi, vingi vimetoka mwilini mwa mtu, jikoni na shambani. (Lipo neno kufeli, nalikubali, lakini hilo aghalabu lilipitia darasani kwanza ndipo likafika gereji.)

Nasisitiza jambo hili kwa kuwa katika kompyuta mambo yamegeuka miguu juu. Kwenye skrini majina yamekuwa ya Kiswahili: kivinjari, kidakuzi, mipangilio, faragha, kiungo, tovuti. Lakini mtumishi anapopiga simu kueleza kilichoharibika husema brauza imehengi, peji haifresh, nimeklia kache, nirisetije. Sehemu zimepata majina yetu. Ugonjwa na tiba vimebaki kwa wenyewe. Ni dhahiri kwamba hali hiyo ina sababu, na sababu imo katika njia ambayo istilahi za kompyuta zilipitia kutufikia.

Kompyuta ya kwanza nchini Tanzania iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria ya mwaka 1967. Ungetazamia kwamba viwili hivyo, vilivyokaribiana kwa umri, vingekua pamoja. Havikukua pamoja. Mwaka 1974, baada ya matatizo makubwa katika hesabu za Serikali zilizokuwa zimehamishiwa kwenye mashine, Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini ila kwa kibali maalumu. Mwaka huo huo wa 1974 ndio Baraza lilipoanza kutoa vijitabu vya Tafsiri Sanifu, vilivyopanga istilahi za taaluma na za idara za Serikali, neno la Kiingereza upande mmoja na la Kiswahili upande wa pili. Kwa hiyo katika miaka ile ambayo chombo cha kutungia istilahi kilikuwa na nguvu mpya na hamu kubwa, mashine yenyewe haikuwepo mikononi mwa wananchi ili idai majina. Silaumu uamuzi wa mwaka 1974. Waliouchukua walikuwa na hesabu za nchi za kunusuru. Nauandika kwa kuwa athari zake katika lugha hazisemwi.

Vijitabu vile vilikuwa na sifa moja nyingine ambayo imeturithisha kasoro yetu. Orodha ya istilahi hupenda nomino. Mtaalamu wa idara akiombwa maneno ya kazi yake huleta majina ya vitu, vyeo na hati. Haleti sentensi anayoitoa kinywani saa tisa mchana mambo yanapomharibikia. Sisi tuliokuja baadaye tumeendelea na mtindo huo. Nimekaa katika vikao ambamo asubuhi nzima ilikwisha tukipima kompyuta, tarakilishi na ngamizi, tukaondoka bila ya kukubaliana juu ya kitenzi hata kimoja. Wananchi wa Tanzania wamekwisha kuamua, wanasema kompyuta. Majirani zetu wa Kenya wameipa tarakilishi nafasi kubwa zaidi shuleni. Na kazi inaendelea pande zote mbili.

Kivinjari chenyewe ni kitu cha juzi. Tim Berners-Lee alikitengeneza cha kwanza mwaka 1990 katika maabara ya CERN, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa. Mwaka 1993 kikaja Mosaic, kilichowavuta watu wengi kwa kuonyesha picha pamoja na maandishi. Mwaka 1994 Netscape. Mwaka 1995 Internet Explorer, kilichodumu hadi kilipostaafishwa mwaka 2022. Mwaka 2004 Firefox. Na mwaka 2008 Chrome. Kuki zilibuniwa mwaka 1994 na Lou Montulli wa Netscape, kwa sababu seva haina kumbukumbu ya mtu: kila ukurasa unaoomba, kwake wewe ni mgeni mpya. Kwa hiyo seva hukipa kivinjari kikaratasi kidogo chenye namba, na kivinjari hukionyesha kila kinaporudi, kama vile mtu aonyeshavyo kibao cha namba anapokwenda kuchukua mzigo wake stoo. Ukivizuia vikaratasi hivyo, utaingia mlangoni kwa neno lako la siri, lakini hatua moja mbele mlinzi amekwisha kukusahau. Ndiyo maana mama wa Njombe alirudishwa kila mara bila ya kuambiwa kosa. Kwa upande wa seva hapakuwa na kosa lolote.

Jina la Kiingereza la kikaratasi hicho ni jina la biskuti, lililotokana na msemo wa utani wa waandishi wa programu. Halielezi kitu. Anayefundisha somo hili na asiwadanganye wanafunzi kwamba Kiingereza kina istilahi za kisayansi na sisi tuna za kubahatisha. Hata neno la Kiingereza lililozaa jina brauza, kwa asili ni kitendo cha mnyama kula machipukizi, kichaka hiki na kile, kama afanyavyo mbuzi.

Mwaka 2004 ndio mwaka wa mageuzi kwa upande wetu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa ushirikiano na wataalamu kutoka Uswidi, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyo huru na yenye skrini za Kiswahili, katika mradi ulioitwa Kilinux. Mwaka huo huo kampuni ya Microsoft ilitangaza mpango wake wa kuziweka programu zake katika Kiswahili. Google nayo ikawa na kurasa zake za Kiswahili, na baadaye kivinjari chake. Kila mmoja alikuwa na wafasiri wake, orodha yake na haraka yake. Baraza, vyuo na watu binafsi walishirikishwa huku na huko, lakini maneno yalifika kwenye skrini kwanza, na kwenye vikao vya usanifishaji baadaye, pengine baada ya watu milioni kadhaa kuyaona.

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa kuwa msomaji ambaye hajawahi kufasiri programu hawezi kulikisia tatizo. Mfasiri wa programu hapewi skrini. Hupewa jedwali la vipande, maelfu kwa maelfu, kila kipande mstari wake: neno moja, nusu ya sentensi, sentensi yenye tundu katikati ambamo mashine itapachika jina la kitu. Anapoliona neno lenye maana ya "wazi" au "fungua", hajui kama ni amri ya kufungua faili au sifa ya mlango ulio wazi. Akiona neno la nyumbani, hajui kama ni nyumbani kwa mtu au ukurasa wa mwanzo. Ndiyo sababu mpaka leo baadhi ya programu hutuambia turudi "Nyumbani" na nyingine "Mwanzo", na mwalimu wa kompyuta mjini Njombe aliniambia kuwa darasani kwake wapo waliodhani wanaambiwa kipindi kimekwisha.

Baya zaidi ni lile tundu. Sentensi ya Kiingereza isemayo kwamba kitu fulani kimefutwa haibadiliki, chochote kitakachopachikwa. Sentensi ya Kiswahili haivumilii hivyo: faili limefutwa, ukurasa umefutwa, kidakuzi kimefutwa, picha zimefutwa. Mfasiri aliyekabidhiwa tundu hana ngeli ya kuifuata. Wapo walioandika "imefutwa" kwa vyote, wakazaa Kiswahili cha mgeni wa siku tatu. Wapo walioandika "Ufutaji umekamilika", na hao, kwa maoni yangu, walishika njia bora, maana waliligeuza tendo kuwa jina na kuikwepa ngeli kwa adabu. Lakini tazama matokeo: hata penye kitenzi, mfumo wa kazi wenyewe ulimlazimisha mfasiri kutafuta nomino.

Sasa nirejee kwenye maneno moja moja. Kivinjari ni neno zuri. Kuvinjari ni kwenda huku na huko kwa kuangalia, hasa chombo kinapozunguka baharini. Lina nafasi, lina mwendo, na limetolewa katika hazina ya lugha yenyewe kama kanuni zetu zinavyotaka, Kiswahili na lahaja zake kwanza. Mwenzake, kisakuzi, linamkumbusha msomaji kitendo cha kusaka, na hapo ndipo linapopotosha, kwa sababu kusaka ni kazi ya mtambo wa kutafutia, si ya kivinjari. Kuna watumishi wengi wasiotofautisha viwili hivyo hata sasa. Kwa hiyo naliunga mkono kivinjari bila wasiwasi.

Vidakuzi nimekwisha kueleza. Aliyelichagua alikuwa na busara yake: kitenzi kudakua ni kutoa siri, na ni kweli kwamba zipo kuki za watangazaji zinazomfuata mtu kutoka tovuti hadi tovuti. Alitupa onyo ambalo Kiingereza kilikuwa kimelificha ndani ya biskuti. Lakini onyo hilo limewapaka matope watumwa wema pamoja na wabaya. Kikaratasi cha namba ya stoo si mdaku. Tungeweza kusema vidakuzi kwa zile za wafuatiliaji tu, na kwa zile za lazima tukatafuta neno la kibao au tiketi. Fundi wa Makambako, nilipokutana naye, alisema yeye huwaambia wateja "tiketi" na wanaelewa mara moja. Natoa hoja hiyo ijadiliwe.

Akiba, kwa maana ya nakala za kurasa ambazo kivinjari huziweka ili kisizivute upya kutoka mbali, ni chaguo la kawaida na la haki, na kitenzi kuakibisha kimefuata. Ila tusisahau kwamba tumelelewa na methali isemayo akiba haiozi. Hii huoza. Ukurasa uliobadilishwa na wenye mfumo asubuhi unaweza kubaki na sura ya jana katika kompyuta ya karani, na karani akaapa kwamba mfumo haujarekebishwa. Unapomwambia mtu wa makamo "futa akiba", unamwambia jambo ambalo mama yake alimkataza.

Na mipangilio? Hilo limekaa vizuri. Lakini katika baadhi ya skrini neno lililotumika ni mapendeleo. Kwa mtumishi wa umma wa Tanzania, aliyefundishwa kanuni za maadili, upendeleo ni kosa la nidhamu, na kumwambia abadilishe mapendeleo yake ni kama kumtuhumu. Nacheka ninapoandika, ila sioni kwa nini tubaki nalo.

Kuna wanaosema kwamba maneno hukubalika yakitangazwa sana. Ushahidi haukubaliani nao. Neno kikokotoo lilikuwa la somo la hesabu tu, na wengi hawakulijali. Mwaka 2018, sheria na kanuni mpya za mafao ya wastaafu zilipotoka, na Rais Magufuli akaja kuzisitisha mwezi Desemba mwaka huo, hapakuwa na mtumishi nchini asiyelitamka, tena bila ya kufundishwa. Lilipata uhai siku lilipobeba kero.

Hapo ndipo tunaporudi kwenye vitenzi, kwa kuwa kero ya kivinjari imo katika vitenzi. Mtu anayetafuta kosa lililoletwa na mabadiliko ya mipangilio anafuata mwendo unaofahamika. Kwanza hukirudisha kile alichokibadilisha mwisho, kama anakikumbuka. Kisha hufungua dirisha fiche, ambalo huanza bila vidakuzi vya zamani na aghalabu bila viendelezi. Mfumo ukifunguka humo, kosa limo katika vitu vilivyolimbikizwa au katika kiendelezi. Hujaribu kivinjari kingine. Nacho kikikataa, kosa liko nje ya kivinjari. Huangalia kama kuna seva mbadala iliyowekwa, kwa maana kompyuta ikielekezwa kupitia seva ambayo haipo tena, hakuna ukurasa utakaofunguka. Huangalia tarehe na saa. Jambo hili la mwisho hudharauliwa, nami nimeliona Makambako: betri ndogo ya saa ndani ya kompyuta ilikuwa imekufa, kila ilipowashwa mashine ikarudi miaka mingi nyuma, na tovuti zote salama zikakataliwa, kwa sababu cheti cha tovuti kina siku ya kuanza na siku ya kwisha, na kwa mashine ile siku ya kuanza ilikuwa bado haijafika. Mwisho kabisa ndipo hurejesha mipangilio ya awali yote.

Katika mwendo huo kuna matendo manne ambayo Kiswahili cha skrini hakijayatenga sawasawa: kupakia ukurasa upya, kufuta vilivyolimbikizwa, kurejesha mipangilio ya awali, na kusakinisha programu upya. Neno "upya" limo katika kila pembe, na "futa" hutumika kwa kuondoa kitu kimoja na kwa kusafisha vyote. Tofauti hizo si za urembo. Nilimwona mtumishi aliyeambiwa kwa simu "futa data halafu weka upya", naye akatia alama kwenye visanduku vyote, na maneno ya siri yote aliyoyahifadhi kwa miaka yakaondoka. Aliyempa maelekezo alikusudia akiba tu. Kila mmoja wao alizungumza Kiswahili fasaha.

Pendekezo langu si kutunga orodha nyingine ofisini na kuipeleka Njombe. Mafundi wanayo maneno tayari. Fundi yule wa Makambako, kijana aliyejifunzia kazi katika gereji ya mjomba wake kabla ya kuhamia kompyuta, hutumia vitenzi vya gereji bila ya kujua kwamba anavitumia. Ukurasa unaoendelea kuonyesha kiduara bila kufunguka, kwake "unazunguka". Kitufe kisichoitika "kimekufa ganzi". Ukurasa wa jana ulioakibishwa "umechacha", na tiba yake ni "kumwaga", kama oili. Mfumo unaomrudisha mtu kwenye neno la siri "unamrudisha mlangoni". Kurejesha mipangilio ya kiwandani huita "kuishusha injini", na anasema hilo humfanya mteja asite kwanza, kama inavyostahili. Nilimuuliza kuhusu kuondoa badiliko la mwisho, ambalo kwenye skrini huandikwa "tendua". Akasema yeye husema "tengua". Lugha haina pingamizi, lakini nilipolijaribu neno hilo kwa watumishi wa Njombe kicheko kilijaa ofisini, na mmoja akasema kitufe kilichoandikwa Tengua hatakigusa yeye, maana hajui uteuzi wa nani utatenguliwa.

Sikubali yote. "Kuishusha injini" halitapita katika kamati, na pengine halipaswi kupita. Lakini "kuchacha" na "kumwaga" yananishawishi kuliko lolote nililowahi kulitunga mezani, kwa kuwa yanaeleza ugonjwa na tiba kwa pamoja: kilichochacha humwagwa, hakuna anayeuliza kwa nini, na hakuna anayedhani kwamba kumwaga maziwa yaliyochacha ni kuvunja kibuyu.

Kabla ya kuondoka Njombe niliandika karatasi moja kwa mkono, nikaigandisha ukutani kando ya ile kompyuta. Ina safu tatu: maneno anayoyasema fundi kwa simu, maneno yaliyoandikwa kwenye skrini, na maana yake kwa mtu anayehitaji kumaliza kazi kabla ya saa kumi. Safu ya pili ina majina mengi na ya kwanza ina vitenzi vingi. Mama karani aliisoma hadi chini, akachukua kalamu, na mbele ya neno vidakuzi akaongeza kwa mwandiko wake: "tiketi, usifunge".